Vidonge vya usingizi si mchezo: nani anawauzia watu wetu Valium bila karatasi ya daktari?

Huku mashariki mwa Congo watu wengi hawalali. Aliyekimbia vita Masisi, Rutshuru ao Djugu anasikia bado mlio wa risasi kichwani taa zikizimwa. Mkaaji wa Goma hajasahau usiku wa Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipomwaga moto, wala mwisho wa Januari 2025, mji ulipoanguka mikononi mwa M23. Bukavu ilifuata mwezi wa Februari. Mfanyabiashara aliyekuta mlango wa benki umefungwa, mama asiyejua mtoto wake alikimbilia wapi, mwalimu anayehesabu miezi bila mshahara: wote wanageuka kitandani mpaka jogoo anawika.

Asubuhi jirani anawapa shauri. Nenda pale kwenye kibanda cha dawa, sema unataka Valium, utalala kama mtoto. Hakuna atakayeuliza karatasi ya daktari. Hakuna atakayeuliza kama unakunywa pombe, kama una mimba, kama unaendesha pikipiki. Vidonge vinahesabiwa juu ya meza, vinafungwa katika kipande cha karatasi bila jina na bila tarehe, pesa inapokelewa, na mteja anayefuata anasogea mbele.

Hatuna neno la kumlaumu mtu anayetafuta usingizi. Kukosa usingizi ni mateso, na anayeteseka hutafuta msaada pale alipo. Neno letu ni kwa wanaouza, kwa wenye kazi ya kuwachunga wanaouza, na kwa familia ambazo hazijaambiwa wazi kile ambacho vidonge hivi vinaweza kufanya. Nchi hii imekwisha lipa bei ya uzembe huo mara moja, huko Ituri, na haifai kuilipa tena.

Dawa hizi ni nini

Dawa za usingizi zinazoandikwa na madaktari ni za makundi mawili makubwa. La kwanza ni la benzodiazepini. Ndani yake kuna diazepamu, ambayo dunia nzima inaijua kwa jina la Valium, pamoja na lorazepamu, bromazepamu na ndugu zao. Valium ilitoka katika maabara ya kampuni Hoffmann-La Roche na kuanza kuuzwa mwaka 1963, kazi ya mkemia Leo Sternbach. Kundi la pili ni la dawa zilizokuja nyuma, kama zolpidemi na zopikloni. Zilipoingia sokoni zilisifiwa kwamba hazina matata ya zile za kwanza. Miaka ilionyesha kwamba matata yapo.

Makundi yote mawili yanafanya kazi kwa njia moja: yanapunguza mwendo wa ubongo. Ndiyo sababu yanatuliza hofu, yanalegeza misuli na yanaleta usingizi. Lakini ubongo huo huo ndio unaoamuru kupumua, kusimama bila kuyumba, kukumbuka na kuamua. Dawa haichagui kusema leo nitapunguza wasiwasi peke yake. Inapunguza vyote pamoja.

Hatusemi kwamba diazepamu ni sumu. Ni dawa ya lazima, iko kwenye orodha ya dawa za msingi ya Shirika la Afya Duniani (OMS), na katika hospitali zetu inaokoa mtoto anayepigwa na degedege. Mikononi mwa muuguzi anayejua kipimo, ni rafiki. Ikiwa ndani ya mfuko wa mtu ambaye hajapimwa na yeyote, ni jambo lingine kabisa.

Ituri walidhani ni homa ya uti wa mgongo

Kuanzia Desemba 2014, vituo vya afya vya kaskazini-mashariki mwa nchi, upande wa Ituri, vilianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Shingo zilikuwa zimepinda, macho yamegeukia juu, ulimi umetoka nje, misuli ya uso imekaza. Wengi walikuwa watoto wadogo. Mawazo ya kwanza ya waganga yalikuwa meninjite, yaani homa ya uti wa mgongo, na hiyo ni hofu kubwa katika eneo lile.

Haikuwa meninjite. Uchunguzi, ambao Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walishiriki, ulifuata njia ya dawa ambazo wagonjwa walikuwa wamemeza. Vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepamu vilipopimwa katika maabara, havikuwa na diazepamu. Vilikuwa na haloperidoli, dawa kali ya wagonjwa wa akili, ambayo inaweza kukaza misuli kwa namna ile ile iliyoonekana, hasa kwa watoto. Mpaka mwaka 2015 unaelekea mwisho, watu zaidi ya 1000 walikuwa wamepatwa. Mwezi wa Julai 2015 OMS ilitoa tangazo la hatari kwa nchi zote za Afrika ya kati juu ya diazepamu hiyo ya uongo.

Tuangalie vizuri somo la Ituri. Mtu anaponunua vidonge vilivyotolewa katika chupa kubwa na kufungwa katika karatasi, hajui hata kama kile anachomeza ndicho alichoomba. Muuzaji mwenyewe hajui. Muuguzi anayempokea mgonjwa nyuma ya siku mbili naye hajui atafute nini. Wakati ule waganga walikuwa wakitafuta mdudu wa meninjite huku ugonjwa ukiwa unatoka ndani ya chupa yenye karatasi ya jina la dawa. Jambo lililofanya dawa ya uongo isambae hivyo ni kwamba diazepamu ilikuwa imekwisha zoeleka kama kitu cha kawaida, cha kupewa mkubwa na mdogo, kwa homa, kwa kulia usiku, kwa lolote.

Hata dawa ya kweli ina hatari zake

Tuseme sasa kwamba kidonge ni cha kweli, kimetoka kiwanda kizuri. Bado kuna mambo ambayo kila mnunuzi angepaswa kuambiwa kabla ya kutoa pesa.

La kwanza ni kesho yake. Diazepamu haitoki mwilini na jua la asubuhi. Inachukua siku nzima, hata mbili, ili nusu yake tu iondoke, na mabaki yake yanakaa siku nyingi zaidi. Anayemeza kila usiku anaongeza juu ya mabaki ya jana. Motari wa Goma ao Bukavu ambaye amemeza saa tano za usiku, akipanda pikipiki saa kumi na mbili asubuhi na abiria wawili nyuma, anaendesha akiwa na dawa damuni. Anajiona mzima, lakini mkono unachelewa kushika breki. Hata zolpidemi, ambayo inatoka haraka zaidi, iligunduliwa kwamba inabaki asubuhi kwa kiasi cha hatari, hasa kwa wanawake. Mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Marekani waliamuru kipimo cha wanawake kipunguzwe kwa nusu, kutoka miligramu 10 mpaka 5. Je, kuna kibanda kimoja ambacho muuzaji wake anamwambia mama neno hilo?

La pili ni kupumua. Kidonge kimoja peke yake kwa mtu mzima mwenye afya, mara nyingi, hakitamuua. Lakini watu wetu hawamezi kidonge peke yake. Kuna Primus, kuna kasiksi, kuna kanyanga. Kuna pia tramadoli, dawa ya maumivu ambayo vijana wengi wanaimeza bila maumivu yoyote. Pombe na tramadoli nazo zinapunguza mwendo wa ubongo. Zikikutana na Valium, mtu analala, pumzi inakuwa ndogo, inazidi kuwa ndogo, kisha inasimama. Hakuna kelele. Familia inasema alilala vizuri, hakuamka. Mwaka 2016 Marekani iliamuru onyo kali zaidi, lile linalowekwa ndani ya fremu nyeusi, liandikwe kwenye benzodiazepini na kwenye dawa za maumivu za jamii ya afyuni, juu ya mchanganyiko huo. Mwenye pumu kali, mwenye ugonjwa wa mapafu na yule anayekoroma kwa nguvu huku pumzi ikikatika usiku wako katika hatari hata bila pombe.

La tatu linawashangaza wengi: mtu anaweza kufanya mambo akiwa usingizini. Waliomeza zolpidemi na ndugu zake walionekana wakitembea, wakipika, hata wakiendesha gari, na asubuhi hawakumbuki kitu. Wengine waliumia, wengine walikufa. Mwezi wa Aprili 2019 onyo hilo nalo liliwekwa kwenye fremu nyeusi. Fikiri juu ya mama anayewasha makala ya jikoni saa nane za usiku bila kujua kwamba anawasha. Huku kwetu watu wangesema amerogwa, na mzee mmoja wa nyumba angetafutwa ili abebe lawama.

La nne ni kumbukumbu. Dawa hizi zinafuta yale yanayotokea nyuma ya kumeza. Wezi na wabakaji wanalijua hilo, ndiyo maana wanazitia katika kinywaji cha mtu. Kidonge kinachouzwa bila kuuliza jina ni silaha iliyouzwa bila kuuliza jina. Msichana anayekaa peke yake mbele ya chupa iliyofunguliwa na mtu asiyemjua anapaswa kulijua jambo hili.

La tano linahusu wazee. Koko akiamka usiku kwenda chooni, giza limejaa, umeme hakuna, choo kiko nje, na miguu yake imelegea kwa dawa, ataanguka. Mfupa wa nyonga ukivunjika kwa mtu wa miaka 75, mara nyingi huo ndio mwanzo wa mwisho wake. Madaktari wa wazee duniani wanashauri dawa hizi ziepukwe kwa watu wa umri huo. Tena mzee anayemeza anaweza kuchanganyikiwa, kusahau majina ya wajukuu, na familia ikasema ni uzee, wakati ni dawa.

La sita ni mama mwenye mimba na anayenyonyesha. Dawa inapita kwa mtoto. Mtoto anaweza kuzaliwa amelegea, hanyonyi vizuri, anapumua kwa shida. Anayenyonyeshwa anaweza kulala kupita kiasi.

Kuna pia dawa zinazopigana. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini ataona kidonge cha usingizi hakimshiki, kwa sababu rifampisini inafanya mwili ukiondoe haraka. Ataongeza cha pili, cha tatu. Siku atakapomaliza matibabu ya kifua, vile vitatu vitakuwa vikali kwake kupita alivyozoea. Dawa fulani za virusi vya UKIMWI zinafanya kinyume: zinaifanya dawa ya usingizi ikae mwilini zaidi. Muuzaji wa kibanda hajui mteja wake anameza nini kingine, na mteja hatamwambia mbele ya watu.

Deni linalokuja nyuma

Hatari kubwa kuliko zote haionekani wiki ya kwanza. Ubongo unazoea. Kidonge kimoja kilichotosha mwezi wa kwanza hakitoshi mwezi wa tatu. Mtu anaongeza. Kisha siku moja pesa inakosa, ao barabara imefungwa na dawa haijafika mjini, naye anakatiwa ghafla. Hapo usingizi unakimbia kuliko mwanzo. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio, hofu inapanda. Wengine wanaona vitu ambavyo havipo. Wengine wanaanguka kifafa, na kifafa cha namna hiyo kinaweza kuua.

Mtu huyo anasema: mnaona, bila dawa siwezi kulala, basi bado ninaihitaji. Hajui kwamba mateso yale ni deni la dawa yenyewe. Ndiyo sababu Ufaransa, nchi ambayo madaktari wetu wengi wanafuata vitabu vyake, inakataza kuandika dawa ya usingizi kwa zaidi ya wiki nne, na tangu mwaka 2017 zolpidemi kule inatolewa kwa karatasi maalum isiyoweza kugushiwa. Mwaka 2020 Marekani nayo iliandika neno la utumwa wa dawa kwenye onyo la benzodiazepini zote. Wiki nne, huko ambako kuna daktari kila kona. Huku kwetu tunakutana na watu wanaosema wamemeza miaka.

Na kuna jambo moja ambalo lingepaswa kubandikwa kwenye kila kituo cha afya cha Kivu na Ituri. Mwaka 2013 OMS ilitoa mashauri juu ya watu waliopatwa na tukio la kutisha, kama vita, ubakaji, kufiwa ghafla. Ilisema wazi kwamba katika mwezi wa kwanza watu wazima hao wasipewe benzodiazepini kwa kukosa usingizi, na watoto pia wasipewe. Hakuna ushahidi mzuri kwamba zinawaponya, na hatari ya kuzoea ipo. Maana yake ni kwamba watu wale wale tunaodhani wanaihitaji zaidi, mkimbizi wa jana, mama aliyenyanyaswa juzi, ndio ambao kidonge hakifai kuwa jibu la kwanza kwao.

Kufunga vibanda hakutoshi

Wasomaji wengine watatuambia: basi serikali ipeleke polisi, ivunje vibanda vyote, ichome vidonge. Tumeona operesheni za namna hiyo. Zinadumu siku tatu mbele ya kamera, kisha meza zinarudi mahali pake, na bei imepanda.

Sisi tunaona hatari nyingine katika njia hiyo. Mji ukikatiwa vidonge vyote siku moja, waliozoea watakatiwa wote siku moja. Kifafa tulichokieleza hapo juu kitaingia katika nyumba nyingi kwa wiki moja. Na kuna wagonjwa wa kifafa halisi, wanaoishi kwa fenobarbitali, dawa ya jamii ya zamani ya kulaza watu, ambayo katika vijiji vingi ndiyo peke yake wanayoimudu. Mtu huyo akinyang'anywa dawa yake barabarani na askari asiyejua kusoma jina lake, ataanguka motoni ao mtoni. Sheria ya kupiga kila kidonge itaumiza wasio na kosa kwanza.

Wengine watasema daktari yuko mbali na ni ghali. Ni kweli, na hatuwezi kulikwepa. Kuna eneo la afya ambalo daktari ni mmoja kwa makumi ya maelfu ya watu, na daktari wa magonjwa ya akili hayuko kabisa. Kumwambia mkaaji wa Walikale aende kwa mtaalamu ni kumwambia aende mwezini. Lakini ufukara wa huduma hauifanyi dawa ya hatari iwe salama. Unatuonyesha tu pa kuanzia: kwa muuguzi, kwa sababu ndiye aliyeko.

Tunaomba mambo manne

Kwa Mamlaka ya Congo ya Usimamizi wa Dawa (ACOREP) na wakaguzi wa majimbo: anzeni juu, kwa wanaoingiza na wanaouza kwa jumla. Chupa ya vidonge elfu moja haiingii mjini kwa miguu yake. Imepita mpaka, imepita ghala, ina karatasi ao haina. Dawa hizi zimo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 juu ya dawa zinazogusa akili, ambao nchi yetu imeukubali, na mkataba huo unataka zitolewe kwa karatasi ya daktari. Hatuombi sheria mpya. Tunaomba ile iliyopo ifuatwe kuanzia kwa mkubwa. Na pale ambapo vita vimekata mji na Kinshasa, wenye kushika madaraka mahali hapo wajue kwamba afya ya raia haingojei mazungumzo yaishe.

Kwa wenye famasi halali na chama chao: ninyi mna diploma ukutani. Mkiuza Valium bila karatasi kwa sababu jirani wa kibanda anauza, mmejishusha mpaka kwenye meza yake. Andikeni katika daftari nani amechukua nini, lini, na kwa karatasi ya nani. Anayerudi mwezi wa tatu mfululizo, msimfukuze. Mwelekezeni kituo cha afya, kwa sababu huyo ni mgonjwa anayehitaji msaada.

Kwa wizara ya afya na washirika wake: muuguzi wa kituo cha afya afundishwe mambo mawili, kumsikiliza mtu asiyelala na kumpunguzia dawa polepole yule aliyezoea. Si kazi ya maabara kubwa. OMS ina kitabu cha kufundishia wauguzi wasio wataalamu wa akili, na mashirika mengi yanakitumia. Wapo wazoefu ndani ya nchi: Tulizo Letu mjini Goma, SOSAME mjini Bukavu, CNPP mjini Kinshasa, na wale wa Panzi ambao kwa miaka mingi wanawasikiliza wanawake waliojeruhiwa. Elimu yao isibaki ndani ya kuta zao.

Kwa madaktari: karatasi yenu ina uzito. Mkiandika dawa ya usingizi, andikeni na siku ya kuacha. Kabla ya kuandika, ulizeni kwa nini mtu halali. Wapo wasiolala kwa maumivu, kwa kukojoa mara nyingi, kwa huzuni iliyogeuka ugonjwa. Wapo wanaomeza dolutegraviri jioni na kukosa usingizi, wakati kwa wengi kubadilisha saa na kumeza asubuhi kunatosha. Kidonge juu ya sababu isiyojulikana ni pazia juu ya dirisha lililovunjika.

Kwa wewe unayemeza leo

Kama unasoma ukiwa na vidonge chini ya mto, usivitupe usiku huu. Ikiwa umemeza wiki nyingi, usiache mara moja. Nenda kwa daktari ao muuguzi, sema ukweli juu ya idadi na muda, naye akupangie kupunguza kidogo kidogo, kwa wiki ao miezi. Usione haya. Ni mwili uliozoea dawa, wala hukulaaniwa.

Kuanzia leo usichanganye na pombe wala tramadoli. Usiendeshe asubuhi ukiwa bado mzito. Usimpe mtu mwingine dawa yako, na hasa usimpe mtoto ili anyamaze. Weka vidonge mahali ambapo mtoto hafiki, na mahali ambapo mtu aliyekata tamaa na maisha hatavikuta.

Ukimkuta mtu amemeza na haamki, mlaze ubavu, angalia kama anapumua, mpeleke hospitali mara moja na uchukue karatasi ao boksi la dawa. Usimnyweshe maziwa, wala mafuta, wala maji ya chumvi. Mtu aliyelala hamezi, yatamwingia mapafuni. Usimtapishe. Usiseme tumwache alale itaisha.

Na kuhusu usingizi wenyewe, wataalamu wa Ulaya na Marekani leo wanaweka mbele, kabla ya kidonge chochote, matibabu ya mazungumzo na ya kubadilisha mazoea. Kuna sehemu yake ambayo haihitaji pesa. Amka saa moja ileile kila siku, hata kama ulilala vibaya. Acha kahawa na chai nzito kuanzia mchana. Usilale mchana saa nyingi. Ukikaa kitandani bila usingizi, simama, kaa kimya mahali pengine, rudi usingizi ukija. Simu iwe mbali, hasa ile inayoleta habari za vita usiku wa manane. Pombe inalaza lakini inaamsha saa nane. Mambo haya hayataondoa vita wala kumrudisha mtu aliyepotea, na hatudai hivyo. Lakini kwa wengi, wakiyafuata wiki kadhaa, usingizi unarudi na unakaa. Na yule ambaye usiku wake umejaa yale aliyoyaona, atafute mtu wa kumsikiliza: mshauri wa kituo, muuguzi, mchungaji, padri ao imamu anayejua kutunza siri.

Tunajua kwamba usingizi wa kweli wa watu wa mashariki utarudi siku bunduki zitakaponyamaza. Hilo hatuwezi kuliandikia karatasi ya daktari. Lakini kati ya leo na siku ile, kuna kazi ambayo haihitaji kungojea amani: kuondoa kwenye meza za barabara dawa ambayo anayeiuza haijui na anayeinunua hajaambiwa. Ituri ilitufundisha kwa watoto wake. Wakaguzi wana orodha ya maghala, wenye famasi wana madaftari, wauguzi wana masikio. Tutarudi juu ya jambo hili, na tutauliza nani kati yao alianza.